Kutoka Bandari ya Kale hadi Chumba cha Kompyuta

Asimamaye Bandari ya Kale ya Mombasa huitazama bahari iliyoyaleta majahazi ya Ghuba kwa pepo za kaskazi. Mwaka 2009, kebo ya TEAMS nayo iliwasili Mombasa kutoka Fujairah, ikipita chini ya bahari hiyo hiyo na kutuletea intaneti ya kasi.

Lakini kebo kufika pwani si elimu kumfikia binti. Mtahiniwa wa somo la Kompyuta katika KCSE hufanya karatasi ya nadharia, karatasi ya vitendo na mradi wa kuunda mfumo wa taarifa. Mradi haukaririwi, hutaka vidole kwenye kibodi, siku baada ya siku. Asiye na kompyuta nyumbani ana saa za shule tu, na nahodha hajifunzi usukani akiwa ufukweni.

Mama mpenzi, hofu yako juu ya mitandao ina msingi. Hata hivyo, binti akiomba kubaki shuleni hadi alasiri, usimwite jikoni ilhali kaka yake amebaki. Arudipo, muulize mradi umefika wapi, naye akueleze.