Bwawa Dogo Uani Kwetu

Ndugu zetu walioko Tanga walipopata habari kwamba tumepanda uani mmea ulao nzi, walidhani twafanya mzaha. Mmoja alituandikia akauliza kama mmea huo una meno. Basi twaona vema kuwaeleza wasomaji wetu jambo hili tangu mwanzo, wala hatutalificha kosa tulilolitenda.

Sisi twakaa Carolina ya Kaskazini, katika Marekani, si mbali na mji wa Wilmington. Mmea wenyewe ni Dionaea, nasi nyumbani twauita mtego wa nzi. Asili yake ni pwani ya majimbo mawili ya Carolina tu, na Gavana Arthur Dobbs aliutaja katika barua yake ya mwaka 1759. Kila jani lake huishia kwa vipande viwili mfano wa kitabu kilichofunguliwa, na ndani ya kila kipande mna vinyweleo vitatu hivi. Mdudu akikigusa kinyweleo mara moja, jani halifanyi neno. Akigusa tena kabla hazijapita sekunde 20 hivi, kitabu hufungwa. Kwa hiyo tone moja la mvua haliudanganyi mmea huu. Mdudu hukaa humo siku kadhaa, hata jani likifunguka hubaki maganda matupu.

Mwaka wa kwanza tulimnunulia binti yetu mmoja, naye alikuwa na umri wa miaka 9. Tukaupanda katika chungu cha udongo mweusi mzuri, tukautilia samadi, tukaunywesha maji ya bomba asubuhi na jioni, kama tutunzavyo mchicha. Baada ya majuma machache majani yakawa meusi. Mtoto alikuwa na mazoea ya kuichokoza mitego kwa kijiti, nasi hatukutafuta sababu nyingine. Tukamgombeza, tukamwambia kuwa yeye ndiye aliyeuua. Akalia, kisha akanyamaza, wala hakuutaja tena.

Majuma mawili yakapita. Mzee mmoja jirani yetu, apendaye mimea hii, alikiona kile chungu akauliza tumeutilia nini. Tulipomjibu alitikisa kichwa. Akatueleza kwamba mmea huu huota penye mchanga na mboji chungu yenye maji, ambamo naitrojeni ni haba mno. Nao huwinda wadudu kwa sababu hiyo. Mizizi yake haikuzoea chakula. Samadi huiunguza, na chumvichumvi za maji ya bomba huizidi nguvu. Kijiti huichosha mitego, ni kweli, lakini hakiui mmea mzima. Basi waliouua ni sisi, na lawama aliibeba mtoto.

Tulimwita jioni ile, tukamtaka radhi. Si jambo jepesi kwa wazazi waliolelewa kama tulivyolelewa sisi. Alitutazama kitambo, kisha akauliza kama tutamnunulia mwingine.

Mwezi wa Machi uliofuata tulichimba shimo uani penye jua la kutosha, kina chake sentimita 40. Tukatandika karatasi nene ya plastiki, tukaitoboa ubavuni, karibu na ukingo, ili maji yakae chini bila kufurika juu. Tukajaza mboji isiyotiwa mbolea na mchanga uliooshwa, nusu kwa nusu. Maji ni ya mvua tu, tuyakingayo kwa pipa. Tukapanda mitego mitatu na sarasenia mbili, ambazo majani yake ni kama mitungi myembamba: mdudu hufuata utamu ulio mdomoni, huteleza ndani, asitoke tena. Tulinunua kwa mkulima aioteshaye mwenyewe, kwani wako wezi waing'oao porini, hata tangu mwaka 2014 sheria ya jimbo hili imelifanya tendo hilo kuwa kosa kubwa katika baadhi ya wilaya.

Baridi ilipofika, majani yakawa meusi tena. Tulikwisha kushika jembe tuing'oe. Mtoto alituzuia, maana mzee alimwambia kuwa mimea hii hulala miezi mitatu au minne, na usingizi huo ukikosekana hudhoofika. Tukaweka jembe.

Mwezi wa Machi tulikata mitungi mikavu ya mwaka uliopita. Maua ya sarasenia yakatangulia, yameinama kama taa, ndipo mitungi mipya ikafuata. Maua ya mtego wa nzi hupanda juu ya bua refu, mbali na mitego, na wadudu wayaendeao maua hayo ni nadra kunaswa.

Mama yetu alikuja kututembelea kutoka Tanga mwezi wa Aprili. Asubuhi moja alitoka uani na birika la maji ya bomba, akainama penye bwawa. Binti akamkimbilia, akalishika birika kwa mikono miwili.

"Bibi, tafadhali, hapo usimwagie. Hii hunywa mvua tu."

Bibi akacheka, akaenda kuumwagia mchicha.