Deni Limo Melini

Simu ya meli iliyotelekezwa ikinifikia hapa Mombasa, sianzi na mishahara. Nauliza maji ya kunywa yamebaki kiasi gani, dizeli ya jenereta itatosha siku ngapi, nani anaumwa. Jenereta ikizima, nyama inaoza, pampu zinasimama, na usiku meli haina taa.

Kisha namwomba nahodha picha ya cheti cha bima. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2014, uliongezewa kanuni zilizoanza kutumika Januari 2017: meli iwe na dhamana ya fedha, na cheti kibandikwe wazi melini. Mwenye meli asipolipa nauli ya kuwarudisha watu wake, akiwaacha bila chakula, au akiwatupa bila mshahara kwa miezi 2 au zaidi, bima ndiyo inayodaiwa. Inalipa mahitaji, nauli, na mishahara isiyozidi miezi 4.

Hiyo minne ndiyo inayozua ubishi. Mtu anadai mwaka mzima, na kwao amekopa ili apate kazi hiyo hiyo. Ukimtajia safari ya kurudi kwao anakuuliza: "Bwana, nikishuka ngazi hii, nani atanilipa?" Namweleza kwamba deni la mshahara linaifuata meli, hata yeye akiwa kwao. Wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu, meli ikakamatwa na kuuzwa, na mabaharia wakalipwa kabla ya benki iliyomkopesha mwenye meli. Namwambia pia kwamba kesi huchukua muda, na chombo kikuukuu hakiuzwi ghali.

Akikubali, bado hajaondoka. Bandari haitaki meli isiyo na watu. Nanga ikiburuta, meli itagonga nyingine. Kwa hiyo tunawatoa kwa mafungu, wagonjwa na waliomaliza mikataba kwanza. Nahodha na fundi wa mitambo husubiri walinzi wapatikane. Uhamiaji nao wanataka barua ya wakala wa meli, na wakala mwenyewe anamdai mwenye meli, hana haraka ya kusaini.

Wakati huo wa kungoja tunautumia kwa karatasi: nakala ya mkataba, kurasa za kitabu cha baharia, na hesabu ya mshahara wa kila mmoja, yenye saini ya nahodha na muhuri wa meli. Mabaharia wakishatawanyika, hesabu hiyo haipatikani tena. Ndiyo maana naikusanya kabla sijamkatia mtu yeyote tiketi.