Abiria ni wa Nani?

Huenda umewahi kujiuliza kwa nini mtaa wetu unaitwa Githurai 45, na jirani zetu wa upande wa barabara ya Kamiti wakaitwa Githurai 44. Wageni hudhani ni nambari za ploti. La hasha! Ni nambari za mabasi. Zamani basi la Kenya Bus Service lililokuja huku liliandikwa 45 juu ya kioo cha mbele, na lile la kule 44. Mabasi yenyewe yalikwenda zake, nambari zikabaki kuwa majina ya mitaa. Matatu nazo zilirithi nambari nyingine bila kumuuliza mtu. Ukitaka Buruburu unatafuta 58, Kawangware unatafuta 46, na Ngong unatafuta 111.

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, kidato cha tatu, kwa hivyo barabara ya Thika naijua kuliko ninavyoijua Kemia. (Mwalimu wa Kemia anisamehe.) Sikusudii kuandika tena habari za makanga wenye matusi na muziki wa kupasua masikio. Hayo yameandikwa katika gazeti hili la chama hata kurasa zikachoka. Nataka kuuliza jambo moja tu: mimi ninaposimama stejini saa kumi na mbili na robo asubuhi, nikiwa na shilingi themanini za siku nzima mfukoni, mimi ni abiria wa nani?

Babu yangu ana jibu lake. Miaka ya sabini alikuwa karani wa duka mjini, na hadi leo akisikia mlio wa honi hutikisa kichwa na kusema, "Wakati wetu basi lilikuwa na saa, mjukuu wangu. Ukichelewa dakika mbili unaliona mgongo." Anamkumbuka kondakta aliyevaa sare, na tikiti ambayo ilibidi uishike vizuri kwa sababu inspekta angeweza kupanda njiani na kuidai. Nilipochimba kidogo nikaona kwamba Babu hakuwa anatia chumvi sana. Kampuni ile ilianza kazi Nairobi mwaka 1934. Mwaka 1966 ikaingia katika mapatano na Baraza la Jiji: baraza likapata asilimia 25 ya hisa, na kampuni ikapata haki ya kubeba abiria jijini peke yake. Yaani mwenye jiji na mwenye basi walikuwa wamekaa meza moja, na kila mmoja alijua anamdai nini mwenzake.

Walimu wengine husema basi turudie yale. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Nilimuuliza Babu basi hilo lilimwacha wapi jioni, akacheka. Lilimwacha lami ilipoishia, kisha akatembea. Jiji lilikuwa linapanuka kama unga uliotiwa hamira, na mitaa mipya ya watu wenye kipato kidogo ilichipuka mahali ambapo mapatano ya 1966 hayakufika. Watu wale hawakungoja. Walipanda magari ya wizi wizi, mabovu, ambayo nauli yake ilikuwa senti thelathini, sarafu tatu za senti kumi kumi, na kutokana na hiyo "tatu" ya Kikikuyu tukapata jina matatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akayaruhusu yabebe abiria bila leseni maalum. Kutoka hapo ile haki ya peke yake ikawa ya karatasi tu. Serikali ikaanzisha mabasi ya Nyayo mwaka 1986, nayo hayakuumaliza mwongo wa tisini. Kampuni ya Stagecoach ya Uskoti ikainunua Kenya Bus mwaka 1991, na mwaka 1998 ikauza na kwenda zake. Hivi ndivyo mapatano yanavyokufa, wala hayahitaji kufutwa na mtu. Yakimwacha abiria nje, abiria huenda kutafuta mwingine.

Sasa twende kwa huyo mwingine.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, ni dereva wa matatu ya viti 14. Gari si lake. Kila jioni lazima ampelekee mwenye gari kiasi walichoagana, iwe mvua iwe jua. Kabla ya hapo ametia mafuta kwa mfuko wake, amelipa Sacco, amewapa vijana wa steji wanaojaza gari, na mambo mengine ambayo yeye huyaita "ya barabarani" halafu hunyamaza. Kinachobaki anagawana na makanga wake. "Abiria wa asubuhi wote ni wa tajiri na wa petroli," aliniambia. "Mimi nakula wa jioni tu. Sasa wewe unataka niondoke steji gari likiwa nusu?"

Nilikuwa nimeudhika naye siku hiyo, lakini hesabu yake niliielewa. Mtu anayelipwa kwa idadi ya vichwa hawezi kufuata saa. Atangoja gari lijae, kisha atakimbia ili awahi kujaza tena. Akiona njia imefungamana atawashusha abiria kabla ya mwisho wa safari na kugeuza. Mvua nayo? Mvua ikinyesha barabara hujaa magari, na mjomba aliyezoea kwenda mjini mara sita huenda mara tatu, ilhali kiasi cha tajiri ni kile kile. Hapo ndipo utasikia makanga akiimba, "Mia! Mia! Kama huna mia usipande!" kwa safari ya shilingi arobaini. Sisemi ni haki. Nasema tu kwamba kumpiga faini makanga hakutaiondoa mvua katika hesabu hiyo.

Kuna jambo la pili ambalo sikulijua hadi nilipoanza kuuliza uliza. Steji yetu ina wenyewe wengi, yaani haina mwenyewe. Barabara kuu ya Thika ni ya serikali ya kitaifa. Githurai yenyewe imelala juu ya mpaka, upande mmoja Nairobi na upande mwingine Kiambu. Leseni ya gari hutolewa na mamlaka ya NTSA, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012, na kanuni za mwaka 2014 zinataka kila gari la abiria liwe chini ya Sacco au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Kwa hivyo shimo likijaa maji pale tunaposimama, kila mmoja ana mahali pa kuelekeza kidole. Ni kweli mwaka 2017 iliundwa mamlaka ya usafiri, NaMATA, ya kuziunganisha Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Wazo ni zuri. Sisi bado tunasimama majini.

Serikali zetu hupenda amri kuliko mapatano. Februari 2004 zilianza kutumika sheria za Waziri John Michuki: mikanda ya viti, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano, sare kwa dereva na kondakta. Mama husema watu walitembea kwa miguu siku za kwanza lakini wakapiga makofi, kwa maana kwa mara ya kwanza kila mtu alikuwa na kiti chake. Hata hivyo amri huchoka kama mtu anavyochoka. Leo mstari wa manjano upo, mkanda umegeuka kamba ya kufungia mzigo. Halafu Jumatatu tarehe 3 Desemba 2018 matatu zilipigwa marufuku katikati ya jiji. Maelfu ya watu walitembea, wazee kwa wajawazito, na kabla ya siku kwisha amri ilikuwa imesimamishwa. Haikuwa imeandaliwa njia ya kumtoa abiria kwenye steji mpya hadi kazini kwake. Wenye magari hawakuwa wamekubali, na abiria hawakuwa wameulizwa.

Wenzetu wa Uingereza nao wamepita njia hii, na nimeitaja Stagecoach makusudi. Kampuni hiyo ilinenepa baada ya Oktoba 1986, wakati serikali yao ilipoachia mabasi nje ya London yawe soko huria, kila mwenye basi apite anapotaka. Yaani walikuwa na 1973 yao. Njia zenye abiria wengi zikajaa mabasi, zile za vijijini zikakauka. Sheria yao ya mwaka 2017 ikazipa halmashauri njia mbili. Ya kwanza ni ushirikiano: halmashauri inaahidi njia maalum za mabasi na vibanda, makampuni yanaahidi mabasi mazuri na ratiba, na ahadi zote zinaandikwa zikawa na nguvu ya sheria. Ya pili ni kali zaidi. Eneo la Manchester lilichagua hiyo, kuanzia Septemba 2023 hadi Januari 2025: mamlaka yao inapanga njia, saa na nauli, na makampuni yanashindania kandarasi ya kuendesha. Stagecoach ni mmoja wa wanaoendesha. Kwa hiyo dereva wa huko hapati hasara mvua ikinyesha. Sisi hatuna pesa za Manchester, najua, lakini kuandika ahadi hakuhitaji pesa nyingi. Kunahitaji kalamu na watu kukaa chini.

Na watu walikaa chini, tena mtaani kwetu! Likizo ya Agosti wakazi waliita mkutano katika ukumbi wa kanisa. Walikuja maafisa wa Sacco yetu, akaja na afisa mmoja wa serikali (sitasema wa kaunti gani), wakaja akina mama wa sokoni, nami nikaja na daftari langu.

Daftari hili lilianza hivi. Nilisoma kwamba Nairobi haikuwa na ramani ya matatu kwa umma hadi mwaka 2014, pale Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoungana na vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani. Wanafunzi walipanda matatu na simu zao mkononi, wakanakili kila kituo, na ikatoka ramani ya njia zaidi ya 130. Nikajiambia, ikiwa wao walipima jiji zima, nami nitapima safari yangu moja. Muhula wa pili wote niliandika tarehe, saa niliyofika steji, saa gari lilipoondoka, nauli, na kama kulikuwa na mvua. Siku 58 kwa jumla. Siku 41 nauli ya jioni ilikuwa shilingi 40 au 50. Siku tisa ilikuwa 80 na zaidi, na saba kati ya hizo zilikuwa siku za mvua. Siku ndefu kuliko zote nilingoja saa moja na dakika arobaini, chini ya upenu wa duka la nguo, hadi mwenye duka akaanza kufunga. Msichana aliyevaa sare, usiku unaingia. Mama hakuwa na la kusema nilipofika. Alinishika tu mkono.

Niliposoma tarakimu hizo ukumbini, mwenyekiti wa Sacco hakukana. Alisema, "Basi na sisi tusikilizwe." Na ukweli wamesikilizwa. Magari yao hukamatwa kwa kusimama barabarani, kwa sababu ndani ya steji kuna matope. Mapatano yakawa haya: serikali ichimbe mtaro, imwage kokoto, iweke kibanda, Sacco nayo iandike nauli kwenye ubao, arobaini siku za kawaida, sitini saa za msongamano, na isizidi sitini hata mbingu ikipasuka, na gari la mwisho liondoke saa tatu usiku, lijae lisijae. Bibi mmoja muuza mboga akauliza, "Na hiyo hasara ya gari tupu atabeba nani?" Ukumbi ukanyamaza. Nadhani ndilo lilikuwa swali bora la siku ile. Walikubaliana kwamba magari yapokezane zamu ya usiku, kila gari mara moja kwa juma, ili hasara isimwangukie mmoja.

Hadi ninapoandika haya, ubao uko. Nauli imevunjwa mara mbili kwa hesabu yangu, siku zote mbili za mvua, na mara ya pili abiria walikataa kushuka wakionyesha ubao kwa vidole mpaka makanga akarudisha chenji. Mtaro umechimbwa hadi katikati. Kibanda kinangoja mwaka wa fedha, na huyo mwaka wa fedha ni mgeni ambaye hatumjui sura.

Nyumbani ilikuwa vigumu zaidi kuliko ukumbini. Mjomba ndiye aliyenilipia karo ya muhula wa kwanza. Jumapili moja alikuja kunywa chai, akaliona daftari mezani, akafungua.

"Umeandika na gari langu?"

"Ndiyo, mjomba. Mara mbili."

"Mia moja?"

"Themanini, na mia moja."

Alisoma kurasa zote, chai ikapoa. Mama alijifanya anatafuta sukari. Mwishowe mjomba akasema, "Sasa hii ni nusu ya hesabu. Leta kalamu." Akanitajia mafuta ya siku moja, ya Sacco, ya vijana wa steji, ya tajiri, na hata yale ya barabarani aliyataja kwa sauti ya chini. Nikachora safu nyingine kando ya ile yangu. Tangu hapo kila Jumapili huniletea tarakimu za juma zima, zimeandikwa nyuma ya risiti ya petroli. Mkutano wa pili ni Januari, na ameniambia zile za tajiri nizisome mimi, kwa kuwa yeye akizisoma atakosa gari.