Andika Siku Zako

Mdogo wangu,

Ujumbe wako umenikuta hapa Brussels saa kumi na moja alfajiri, nikisubiri basi la kwenda kusafisha ofisi. Mwalimu wa darasa la pili, Bafwasende kwetu! Niliusoma mara tatu. Mara ya tatu ndipo nikaona mstari wa mwisho: direkta kasema uvumilie, jina lako bado halijaingia kwenye listi ya mshahara.

Basi wewe ni NU, mwalimu mpya asiye kwenye listi ya mshahara, kama wengi waliokutangulia. Shule ya msingi ilipofanywa ya bure Septemba 2019, kama Katiba ya 2006 ilivyoagiza, ilikuwa haki, na watoto walijaa darasani. Lakini mwalimu ambaye serikali haijamwandika alibaki bila mchango wa mzazi na bila mshahara.

Sikuambii uache. Nakuambia uandike. Nunua daftari: siku uliyoanza, darasa, idadi ya watoto, nani alisaini. Barua yako ya kupangwa kazini itolee fotokopi tatu: moja ubaki nayo, moja ikae kwa mama, moja Kisangani kwa shangazi. Kila karatasi unayopeleka ofisi ya elimu, omba nakala yenye muhuri na tarehe. Wakikujibu "tutaona", kaa palepale kwa heshima mpaka wagonge.

Ulikuwa hujazaliwa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita ndani ya Kisangani, mji usio wao. Faili la kazi ya ualimu ya baba lilikuwa kule, kwa rafiki yake, na bomu liliangukia nyumba ile. Watu walikufa kwa mamia. Nani angelilia karatasi? Lakini baba alipofuatilia pensheni, miaka yake mingi haikuonekana popote. Watu wazima aliowafundisha kusoma walikuwa wakimsalimu njiani kila siku, na ofisi haikuwahesabu kuwa ushahidi.

Mimi thamani ya kuandika niliielewa huku. Kampuni ya kwanza iliyoniajiri ilinikata saa kwa miezi minne. Sheria ya Ubelgiji inasema wiki ya kazi ni saa 38, na kila mwezi unapewa karatasi ya mshahara, ambayo sikujua kuisoma. Ila nyuma ya kalenda nilikuwa nikiandika saa ya kuingia na ya kutoka. Chama cha wafanyakazi kiliipeleka kalenda ile, nikalipwa. Nililia nikimkumbuka baba.

Najua machimbo ya dhahabu yako karibu, na wenzako watakuonyesha pesa ya wiki moja. Ukienda wakati wa likizo kutafuta ya sabuni, sikulaumu. Ila watu wa DINACOPE, ofisi ya mishahara ya walimu tuliyoizoea kwa jina la SECOPE, wakija kuhesabu walimu, wakukute mbele ya ubao.

Leo nimemtumia mama dola 20. Ni za daftari na fotokopi, si za kitu kingine. Jumapili nitumie picha ya ukurasa wa kwanza.

Yaya wako