Nyanya za Agosti

Mwaka 1998 nyanya zilitushinda. Nilikuwa darasa la tano hapa Mang'ula, na mpaka leo nikisugua jani la mnyanya kiganjani narudi kwenye bustani ile, milima ya Udzungwa mgongoni, miguu ndani ya mfereji.

Mvua za El Niño zilianza mwishoni mwa 1997, zikanyesha mpaka tukadhani hazitakoma. Mashamba ya bondeni yalizama, la kwetu likiwamo. Maji yalipoondoka yaliacha tope jeusi, laini kama uji, na kila aliyepoteza mpunga akakimbilia mboga apate chochote cha kuuza. Mama alisia mbegu za Money Maker, akahamishia miche kwenye matuta marefu membamba yenye mfereji katikati. Matuta ya namna hiyo babu aliyaiga kwa Wachina wa reli, waliokuwa wakilima mboga zao wenyewe alipokuwa kibarua kambini kwao miaka ya sabini mwanzoni. Alizunguka bustani na fimbo yake akinyoosha kingo zilizobomoka. Sisi watoto tulichota maji kijitoni asubuhi kabla ya shule, kwenye baridi ile ya kipupwe, na jioni tukachota tena.

Mwisho wa Julai zikaiva. Ziliiva zote kwa pamoja, zetu na za kijiji kizima. Ukimpelekea jirani kapu la nyanya, kesho yake anakurudishia kapu likiwa na nyanya zake. Zilikaa uvunguni mwa vitanda, zikakaa kwenye ndoo za kuogea. Tulizila mbichi na chumvi, tukazila kwenye dagaa, kwenye kisamvu, mpaka mdogo wangu akatoka vidonda mdomoni. Stesheni matenga yalipangwa tangu mchana kungoja treni ya Dar es Salaam, na wachuuzi walitaka kila tenga liwe lumbesa, lijae hadi kufungwa kwa kamba juu, kwa bei ileile. Money Maker ni tamu lakini ganda lake jembamba, halivumilii safari. Jua likizama, matenga ya chini yalikuwa yanatoa maji, na mchuuzi anakuonyesha yale maji kwa kidole, anapunguza bei tena. Nilimwona Mama akirudi na tenga zima kichwani, gizani, hasemi neno.

Mjomba alikuwa na safari ya Morogoro na lori la mchele, akasema kuna nafasi ya watu wawili. Tukaondoka alfajiri ya tarehe 7 Agosti, tukapita Kidatu, tukatokea Mikumi, tukakatiza hifadhi. Niliona twiga kwa mara ya kwanza, amesimama karibu na barabara kama anayengoja basi. Kesho yake ndiyo ilikuwa Nane Nane yenyewe, sikukuu ya wakulima. Viwanja vya maonyesho viko njia ya Dar es Salaam, Uluguru unaonekana nyuma, na vumbi la watu lilikuwa jekundu mpaka kwenye kope. Mimi nilitaka ngoma. Nilitaka ng'ombe wa maziwa wenye viwele vinavyokaribia kugusa chini. Mama alinikamata mkono akasimama kwenye banda dogo la akina mama, na hapo tukakaa zaidi ya saa nzima.

Juu ya meza palikuwa na sinia la vitu vyekundu vilivyokunjamana.

"Shikamoo mama," alisema dada wa pale.

"Marahaba mwanangu. Hizi pilipili?"

"Nyanya, mama. Karibu, onja."

Mama alitafuna taratibu. Kisha yakaanza maswali: unakata unene gani, chumvi kiasi gani, unaanika siku ngapi, nzi je? Akauliza debe moja linatoa kiasi gani.

"Kama kilo moja tu, mama. Kilichobaki chote ni maji."

"Maji hayo nimeyabeba kichwani miezi miwili," Mama alisema. Dada yule hakucheka, na namshukuru mpaka leo. Akamwambia msimu ujao atafute Roma, nyama yake ni nyingi.

Banda la pili walikuwa na mchuzi wa nyanya kwenye chupa, mzuri kwa macho. Mama aliuliza unachemka muda gani, akajibiwa, akaaga. Msitu wetu ulikuwa hifadhi ya taifa tangu 1992, na kuni kavu ziliokotwa kwa siku maalumu. Jua halikuwa na siku maalumu.

Ngoma niliisikia kwa mbali tu, tukielekea lorini.

Nyumbani alitandaza majamvi juu ya kichanja, akafunika kwa chandarua kikuukuu. Tulikata nyanya mpaka vidole vikachanika, na chumvi ikaingia mlemle. Saa zote mmoja wetu alikaa na manati kuwinga ngedere. Jioni majamvi yote yaliingia ndani, maana umande ungerudisha kila kitu nyuma. Awamu ya kwanza tuliiondoa mapema, ikaota ukungu, akaitupa yote na kuanza upya siku hiyohiyo. Ya pili ilikauka mpaka ikilia kama majani makavu ukiitikisa. Akaijaza kwenye ndoo yenye mfuniko, akaisukumia chini ya kitanda chake.

Machi iliyofuata mvua ilikuwa imeshika, bustani zote zimelala, na sokoni fungu la nyanya nne lilikuwa kitu cha kutazama tu. Mama alichukua kambale mkavu, akaroweka kiganja kimoja cha zile nyanya, akaunga. Babu, ambaye macho yalikwisha kumpungukia, aliinusa sahani kabla hajanawa.

"Nyanya hizi za nani?"

"Za Agosti, baba," Mama alimjibu, akamwongezea mchuzi.