Beseni la Maharage

Mtaalamu wa tiba kwa vitendo anayemwona mwanangu hapa Brussels amenitumia orodha ya vitu vya kununua. Blanketi zito la kumtuliza usiku. Bembea ya kitambaa ya kuning'inizwa darini. Udongo wa kufinyanga usiochafua. Na beseni la plastiki lenye mfuniko, limejaa maharage makavu, mtoto atumbukize mikono humo, apekue vitu vilivyofichwa, vidole vizoee. Lipo duka maalumu linaloliuza beseni hilo pamoja na maharage yake. Kwa bei ile shangazi yangu wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, Burundi, angelisha ukoo hadi mwezi uandame.

Nilicheka, kisha nikapandwa na hasira. Si kwa huyo mtaalamu. Ni binti mpole, kazi yake anaijua, na ndiye wa kwanza katika nchi hii kumtazama mwanangu kabla ya kutazama karatasi zake. Hasira ni ya maharage. Bembea nayo haitaning'inia popote, maana mkataba wa nyumba unakataza kutoboa dari, na mtoto akirukaruka kidogo tu jirani wa chini anatugongea kwa mpini wa ufagio. Foleni ya kupimwa usonji tuliisubiri hadi viatu vikambana, tukanunua vingine, navyo vikambana. Hayo ndiyo ya Ulaya, na yanatosha.

Julai tulikuwa Bujumbura, Buja yetu. Nilikwenda na hofu, kwa kuwa Buyenzi si mtaa wa mtoto anayeziba masikio. Gereji zinaanza kugonga mabati alfajiri, mafundi wa kuchomelea wamejipanga barabarani, soko la Ruvumera linapiga kelele mchana kutwa, na misikiti haisomi adhana kwa zamu. Siku za mwanzo alijikunja nyuma ya mlango. Shangazi hakuuliza daktari kasema nini. Alimfunga kanga kichwani, mizunguko miwili, masikio yakafunikwa, akamwambia, "Sasa wewe bwana harusi, toka nje." Akatoka. Huku Brussels kazi hiyo inafanywa na vizibo vya masikio vyenye jina la kampuni.

Asubuhi moja shangazi alikuwa na ungo mapajani anachambua maharage. Akamwita, "Njoo baba, unitolee mawe." Mtoto ambaye mezani hakai hata sahani ikapoa alikaa hapo hadi kivuli cha ukuta kikahama. Mawe hakuyashughulikia sana. Aliyatenga maharage: mekundu huku, ya manjano kule, yenye madoadoa akayapanga mstari kwenye ukingo wa ungo, moja moja, jicho likitazama upande mmoja. Ukivuruga mstari anaurudisha. Shangazi alimtazama kwa muda, akatoa hukumu: "Huyu karani." Maharage yale tulikula jioni na ndagala.

Baadaye ikawa kinu. Alishika mchi pamoja na shangazi, wakatwanga sombe, majani ya muhogo, na baada ya hapo mwili wake ukatulia kama redio iliyopata stesheni. Akapewa bidoni ya lita tano, nusu maji, aipeleke jikoni. Akaipeleka, akarudi kuomba nyingine. Ningekuwa na mtaalamu wetu pale angetikisa kichwa kwa furaha, maana ndicho anachonieleza kila mara: kusukuma, kubeba na kuvuta vitu vizito kunafanya misuli na viungo viupe ubongo habari za mahali mwili ulipo, na watoto wengi wa aina hii habari hizo zinawafikia kidogo mno, au zinawafikia kwa fujo. Mmarekani mmoja wa California, Jean Ayres, ndiye aliyelijengea jambo hilo nadharia na kuliandikia kitabu mwaka 1972. Bembea na mablanketi mazito yanatokana na njia yake. Wataalamu bado wanabishana kiasi gani cha hayo kinasaidia. Wasichobishania sana ni kwamba mtoto ajifunze kuvaa, kula, kuoga na kushika kazi ya nyumbani kwao, kwa vitu vya nyumbani kwao, na mzazi aoneshwe namna ya kumwongoza. Kwa hesabu hiyo, ua wa shangazi ni kliniki iliyokamilika.

Ila kliniki hiyo watoto wenyewe hawaruhusiwi kuingia.

Kabla shangazi hajamwita, nilishasikia "mwacheni, haelewi" kutoka kwa kila mtu aliyepita pale, na wote walisema kwa upendo. Nyumba ya pili kuna binti wa umri wa kupika uji. Yupo mkekani, mgongo ukutani, tangu asubuhi. Kaka zake wanatwanga, wanateka maji, wanatumwa dukani. Yeye analishwa kwa mkono. Mtaa mzima unamjua kwa jina, hakuna anayepita bila kumsalimu, akitoka barabarani mwendesha baiskeli ndiye anayemrudisha. Na mtaa mzima huohuo haujawahi kumpa hata kitunguu akimenye. Mama yake anaogopa mchi, anaogopa gari, na zaidi anaogopa macho ya watu. Nilipomwambia amjaribishe kwa ungo alinijibu kwa upole, "Dada, nyie mna madaktari."

Hapo ndipo damu inaponichemka, kwa sababu mama huyo ameshasemwa vya kutosha. Kaambiwa alivuka kitu akiwa na mimba. Kaambiwa ni jini, akaenda kusomewa. Kaambiwa ni laana ya upande wa baba, ndugu wa baba wakanuna. Mimi niliambiwa ni baridi ya Ulaya imeingia kichwani mwa mtoto. Wala wazungu wasijitoe. Mwaka 1967, huko Chicago, Bruno Bettelheim alichapa kitabu kizima cha kuwalaumu wazazi wa watoto wenye usonji, kwamba ubaridi wa moyo wa mama ndio unaomfungia mtoto ndani, na dunia ya wasomi ikampigia makofi. Ufaransa ilikumbatia mawazo ya namna hiyo kiasi kwamba mwaka 2012, mamlaka yake ya afya ilipokataa kuipendekeza tiba ya uchambuzi wa nafsi kwa usonji, kulikuwa na vita. Hadi leo maelfu ya Wafaransa wenye ulemavu wanaishi katika vituo vya hapa Ubelgiji kwa kukosa nafasi kwao. Kwa hiyo mtu asinihubirie kuhusu Waafrika wanaoficha watoto. Wengine huwaficha ng'ambo ya mpaka, kwa bajeti ya serikali.

Buja haikosi watu wema. Kituo cha Saint Kizito kimewasimamisha watoto wengi wenye ulemavu wa viungo. Kituo cha Akamuri kinawapokea wenye ulemavu wa akili. Mabruda wa Kamenge wamehudumia wagonjwa wa akili na wa kifafa tangu miaka ya 1980. Sheria nayo ipo, ya Januari 2018, inayolinda haki za watu wenye ulemavu, na mkataba wa Umoja wa Mataifa tuliuridhia 2014. Shule ya msingi ni bure tangu 2005, jambo ambalo mama zetu hawalisahau, lakini mwalimu mwenye darasa la kujazana hana nafasi ya mtoto anayekimbia kengele ikilia. Anamrudisha nyumbani. Simlaumu sana.

Wanaokosekana ni hawa wa tiba kwa vitendo. Ukiwauliza watu wa Buja watakutajia kine, anayenyoosha miguu, na hapo wamemaliza. Lakini si lazima tuwatafute Brussels. Moshi, Tanzania, pale hospitali ya KCMC, wanawafundisha tangu miaka ya 1980. Mulago ya Kampala inawafundisha. Kenya imewatungia sheria yao ya usajili mwaka 2017. Sisi tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007, na soko la pamoja lilianza 2010, likiahidi wafanyakazi kuvuka mipaka. Kupitia mpaka wa Kobero vinavuka saruji, sabuni na vitenge. Kijana wa Moshi aliyehitimu angeshuka Buyenzi leo, akakaa mkekani na mama wa yule binti, wakaelewana kwa Kiswahili bila mkalimani. Badala yake tunasubiri mgeni wa wiki mbili, hoteli kando ya Tanganyika, anayefundisha kwa picha ukutani na kuondoka na kikapu cha zawadi.

Au tumpeleke wa kwetu. Binti mmoja aliyemaliza shule Bwiza au Kinama, asome Moshi, arudi. Akishawafundisha mama ishirini namna ya kukaa na mtoto na ungo, kumpa mchi mdogo, kumtuma dukani kwanza akiwa na kaka yake halafu peke yake, mtaa utakuwa umepata kitu ambacho bembea ya darini haitoi.

Nimeliandika hilo kwenye kundi letu la WhatsApp, ambapo Warundi wa Brussels, Lille na Ottawa tunachangishana bila kuchoka. Nimetaja ada, nimetaja Moshi, nimeomba kila mtu atoe walau nusu ya alichotoa kwenye harusi iliyopita. Kaka mmoja ameuliza kama mwanangu anaendelea vizuri. Mwingine ameweka mikono ya dua. Mweka hazina ameonesha kidole gumba, kisha akakumbusha kuwa mwisho wa kulipia sare za harusi ya Agosti ni Ijumaa hii.