Matuta ya Marehemu Mama

Marehemu mama yetu, Allah amrehemu, aliacha nyuma ya nyumba matuta manne ya mchicha, na ada ya kuwapelekea majirani fungu mojamoja kila Alhamisi jioni. Sisi mabinti zake tulinuia kuidumisha ada ile iwe sadaka kwa ajili yake. Haukupita msimu mmoja tukawa hatuna hata jani la kupeleka.

Kosa lilikuwa letu. Tulichimba matuta mapya kando ya yale ya zamani, kwenye mchanga mweupe, tukachanga fedha tukanunua yurea, tukaimwaga kote bila kipimo. Siku ya tatu ncha za majani zilikauka kana kwamba zimepitiwa na moto. Yurea ni kali: asilimia 46 ya uzito wake ni naitrojeni, na mbolea ikizidi huuzuia mzizi kunywa maji.

Zikaja mvua za masika. Matuta ya mama yakachipua upya. Yetu yakawa manjano. Shangazi alipokuja kututazama, alichota udongo wa mama akaufumbata, ukabaki donge jeusi kiganjani. Akachota wa kwetu, ukamwagika vidoleni.

“Huu mama yenu ameulisha miaka ishirini,” akasema. “Huo wenu mmeupa chakula, hauna tumbo la kukiweka.”

Ndipo tulipoikumbuka ile ndoo yake ya jikoni: maganda ya ndizi, majani ya chai, na samadi ya mbuzi aliyoilaza hata ikaisha harufu. Tulidhani ni usafi tu. Kumbe ndiyo iliyozaa mboji, inayoshika maji na rutuba ambazo mchanga mtupu huziacha zizame chini ya mizizi. Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza, na hilo lilituuma kuliko fedha.

Sasa tunachanganya samadi iliyoiva kabla ya kupanda, na kufunika tuta kwa makuti makuukuu. Yurea hatukuitupa, tunaitia kidogo kidogo, mbali na shina, kisha tunamwagilia. Mdimu wa ukutani bado una majani ya manjano yenye mishipa ya kijani, kwani pale chini ni mawe ya matumbawe, na chokaa yake huunyima mti madini ya chuma. Huo bado unatushinda.

Alhamisi iliyopita tulipeleka mafungu matatu. Mama alikuwa akipeleka saba.